Kwa Shangazi: Bibi niliyekaa naye botini ndiye aliyemnyonyesha binti yangu

Shangazi, assalamu alaykum.

Nakuandikia saa tisa za usiku, watu wa nyumbani wote wamelala. Siku ya nane leo sijapata usingizi wa maana.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete, Pemba. Binti yangu wa kwanza ana miaka 27, ni mwalimu wa skuli, na nikaha yake imepangwa Ijumaa ya tatu kuanzia wiki hii. Kijana tumempokea kwa mikono miwili. Posa ililetwa na ami yake pamoja na shangazi yake aliyemlea, wote wa Fuoni, Unguja. Tuliambiwa asili yao ni Pemba, upande wa kusini, baba yake keshafariki, na mama yake mzazi yuko hai ila miguu inamsumbua, hatoki sana. Tuliulizia tabia, swala na kazi, majibu yote yakawa mazuri. Mahari imeshaletwa, na kilemba na mkaja pia.

Jumanne iliyopita nilipanda boti Mkoani kwenda Unguja kununua vitu vya harusi Darajani, na kufika Fuoni kuwasalimia wakwe. Kiti cha pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja na bakora yake, kajifunga buibui la zamani lile la ukaya. Tukasalimiana, basi.

Bahari siku ile ilikuwa imechafuka. Tulipofika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kupanda na kushuka, mabaharia wakapita wakigawa mifuko. Unajua sisi watu wa Pemba tukifika pale hata bahari ikiwa shwari tunasoma dua, tangu ilipozama MV Spice Islander Septemba 2011. Mimi na bahari hatupatani kabisa. Nikaanza kutetemeka. Yule bibi akafungua kipochi, akatoa ndimu, akaikwaruza ganda kwa kucha na kunisogezea puani. "Nusa, mwanangu. Tazama mbali, usitazame chini." Akanishika mkono, na ili anitoe hofu akaanza kunisimulia.

Alisema hofu ya kweli yeye kaiona mara moja tu, mwaka wa mvua za El Nino, mwezi wa Ramadhani, Januari 1998. Alikuwa hospitali Chake Chake, kajifungua mtoto wa kike. Mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kenya. Njia ya kwao imekatika kwa maji, hana wa kumletea hata uji. Kitanda cha pili akaletwa mwanamke wa Konde ana kifafa cha mimba. Yule mwanamke akajifungua lakini hajitambui, mtoto wake analia mpaka sauti inakatika. Bibi wa mtoto kakaa sakafuni, anasuka ukili huku machozi yanamdondoka. "Nikamwambia, bibi, niletee huyo mtoto. Nikampakata huku, na wangu huku." Akamnyonyesha mpaka mama yake alipozinduka. Siku ya kuondoka yule bibi wa Konde alimwachia mkeka wa rangi aliousuka kwa mkono wake. "Ninao mpaka leo," akaniambia. "Nautandika siku ya Idi tu."

Shangazi, mwanamke wa Konde ni mimi. Siku nne sikujijua. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia mtoto alinyonyeshwa na mwanamke wa kusini wa kitanda cha pili, na kwamba kampa mkeka. Sikuuliza jina. Nilikuwa na miaka 21, nimetoka kufani, nilifikiria kurudi nyumbani tu.

Nilitaka kumkumbatia palepale. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Kabla sijayatoa, yeye akaendelea. Akasema anakwenda Unguja kwenye harusi ya mwanawe, yule aliyempa wifi yake wa Fuoni amlee alipopata mimba ya huyo mtoto wa kike. Wakati ule kijana alikuwa na miaka mitatu. "Anaoa binti wa Wete, mwalimu. Mimi hata sijamwona, nasikia ni mtoto mwenye adabu."

Nilinyamaza. Boti ilipofunga Malindi nilimwambia ahsante kwa ndimu, nikachukua begi na kushuka mbele yake. Sikumwambia jina langu. Langoni niligeuka, nikamwona kijana, huyuhuyu mkwe wangu, anampokea na kumbusu mkono. Nikajibanza nyuma ya mchukuzi. Siku mbili nilizokaa Unguja nilipigiwa simu niende Fuoni, nikasema nina homa.

Nimemwambia dada yangu peke yake. Yeye anasema funika kombe mwanaharamu apite. Anasema hawakunyonya pamoja, kijana alikuwa keshaachishwa ziwa zamani. Anasema siku nne si kitu. Anasema mama yetu kafariki tangu 2009, na yule bibi hajui mimi ni nani, sasa atasema nani? Mume wangu ni mtu wa hasira na kakopa pesa za harusi. Binti yangu anaimba jikoni tangu asubuhi.

Ninyamaze, Shangazi? Ziwa la siku nne linaharamisha? Na yule bibi aliyemwokoa mwanangu, nitamtazamaje baada ya kumkimbia vile?

Mama wa Bibi Harusi, Wete

* * *

Mwanangu, wa alaykumu salaam.

Usinyamaze. Nalitanguliza hili kwa sababu najua ulipofungua ukurasa huu macho yako yalikuwa yanalitafuta neno hilo moja. Nikaha haijafungwa. Kila kitu ambacho leo kinaweza kurudishwa, mahari, kilemba, mkaja, nguo, vyombo, baada ya Ijumaa ya tatu kitakuwa kimechanganyika na vitu visivyorudishika.

Sasa tuyachukue maneno ya dada yako. Simlaumu, anakuonea huruma. Lakini katika yale manne aliyosema, moja linawapoteza watu wengi pwani nzima, na nataka nikae nalo.

Anasema hawakunyonya pamoja. Haya ndiyo makosa ninayoyakuta kila mara. Watu hudhani ndugu wa kunyonya ni wale waliogawana ziwa wakati mmoja, mmoja kulia na mmoja kushoto. Sivyo. Mtoto akinyonya ziwa la mwanamke kwa masharti yake, yule mwanamke amekuwa mama yake, na mume wa yule mwanamke, mwenye ziwa lile, amekuwa baba yake. Akishakuwa mama, basi wote aliowazaa ni ndugu zake, waliotangulia na waliofuata, hata ambaye angezaliwa miaka kumi baadaye, hata aliyepelekwa kulelewa Fuoni. Kijana kuwa na miaka mitatu na kuishi ng'ambo ya bahari hakubadilishi kitu. Aya ya 23 ya Suratun Nisaa imewataja mama zenu waliokunyonyesheni na dada zenu wa kunyonya katika orodha ileile ya mama wa kuzaa na dada wa tumbo moja. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema yanaharimika kwa kunyonya yale yanayoharimika kwa nasaba.

La pili, siku nne. Hapa ndipo penye swali la kweli, na hapa dada yako hakukosea kuuliza, kakosea kujibu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa visiwani na pwani, kinachohesabiwa ni manyonyo, siku hazihesabiwi. Yanatakiwa matano, yaliyoachana, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, na maziwa yafike tumboni. Hesabu yake huenda kwa ada ya watu: mtoto akinyonya, akatosheka, akaliacha ziwa mwenyewe, hilo ni moja. Akihamishwa ziwa la kulia kwenda la kushoto katika mlo uleule, bado ni moja. Wamaliki na Wahanafi wao hata mara moja inatosha. Sasa wewe ni mama wa wanne, unajua mwenyewe mtoto mchanga ananyonya mara ngapi. Wakunga wanatufundisha mara nane mpaka kumi na mbili kwa usiku na mchana. Kama yule bibi alimpakata mwanao siku nne, matano yametimia kabla ya adhana ya alfajiri ya siku ya pili.

Nasema kama. Kwa sababu hujui. Ulikuwa hujitambui. Huenda manesi walikuwa wakimpa mtoto maziwa ya kopo kwa kijiko na yule bibi akamnyonyesha mara mbili tatu tu akizidiwa na kilio. Huenda yeye mwenyewe maziwa yake yalikuwa yanasitasita, mzazi mwenye njaa asiye na uji. Hili ndilo la kwenda kuuliza, na aliye hai wa kulijibu ni mmoja.

La tatu na la nne, kwamba mama yenu kafariki na bibi hajui wewe ni nani, atasema nani. Mwanangu, hebu tulia ulitazame jambo lenyewe. Wewe unaona kukaa kiti kimoja na yule bibi ni ajabu iliyoshuka kutoka mbinguni. Mimi namuona Mungu katika jambo hili, ila siioni ajabu. Pemba na Unguja zinaungana kwa boti chache. Harusi ni moja, tarehe ni moja, mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi wote wana safari ya kwenda upande uleule wiki ileile. Wapi mngekutana kama si humo? Na kama msingekutana humo mngekutana ukumbini, mmevaa, mmejifukiza, mmekaa mkeka mmoja. Angekwambia, mwenzangu wewe wa wapi asili? Ungesema Konde. Hadithi ambayo yule bibi aliweza kumpa mtu asiyemjua katikati ya mawimbi, ataisimulia tena. Ataisimulia siku ya arubaini ya mjukuu wenu. Siku hiyo atakuwa hajui anachokibomoa.

Maana ikijulikana baada ya nikaha, hakuna cha kusuluhisha. Ndoa inakuwa haikuwepo, wanaachana hapohapo, wawe na mwezi mmoja au na watoto watatu. Watoto hao nasaba yao haipotei kwa sababu wazazi hawakujua, hilo wanazuoni wamelisema na ni rehema. Lakini wewe ulijua. Binti yako siku hiyo atakuuliza neno moja: mama, uliijua lini?

Kuna kisa katika Sahihi ya Bukhari ambacho naona kama kimeandikwa kwa ajili ya barua yako. Uqba bin Harith alioa binti wa Abu Ihab huko Makka. Akaja mwanamke mmoja akasema, mimi nimemnyonyesha Uqba na huyu aliyemuoa. Uqba akamwambia, mimi sijui kama umeninyonyesha, wala hukuwahi kuniambia. Akapanda mnyama wake akasafiri mpaka Madina kumuuliza Mtume. Mtume akamwambia, vipi tena, na hali imeshasemwa? Uqba akamwacha, na yule mwanamke akaolewa na mwingine. Angalia safari ile. Mtu kafunga safari ya jangwani kwa neno la mwanamke mmoja, hakusema huyu mwanamke peke yake atasema nini.

Wanazuoni wa Kishafii wanasema kwa hukumu ya mahakama kunyonya kunathibiti kwa mashahidi, wanaume wawili, au mwanamume na wanawake wawili, au hata wanawake wanne bila mwanamume, kwa kuwa ni jambo la ndani ambalo wanawake ndio wanaoliona. Na pakiwa na shaka ya idadi, uharamu hauthibiti, ila kujiweka mbali ndiko kucha Mungu. Kwa hiyo wako wanaoweza kukwambia: huna mashahidi, ozesha. Mimi siwezi kukwambia hivyo, na wewe usijiambie. Wala mimi si kadhi. Wete mnayo Mahakama ya Kadhi, na Ofisi ya Mufti ina watu wake Pemba. Suala hili ni la kuwafikisha wao, likiwa kamili.

Kulikamilisha ni hivi. Nenda Fuoni. Yule bibi kaja kwa harusi, bila shaka bado yuko huko. Nenda na mtu mzima mmoja mwanamke, mwenye kifua, asiwe dada yako kwa sababu yeye keshachagua jibu. Jitambulishe kwanza. Kisha muulize, na ukiuliza usimtilie maneno mdomoni. Usiseme "ilikuwa mara moja mbili tu, sivyo?" kwa kutaka harusi iendelee. Usiseme "si ilikuwa siku nne nzima?" pia. Mwache akumbuke mwenyewe: alimnyonyesha lini mara ya kwanza, usiku alilala naye nani, mtoto alipewa kingine chochote, nani mwingine alikuwa wodini. Muulize wifi yake kama alifika hospitali siku zile. Wanawake wa umri wao husahau jina la dawa, lakini mtoto wa mtu waliyempakata hawamsahau.

Ukitoka hapo, usiku uleule utakaofika nyumbani, binti yako. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, mkiwa wawili. Si baba yake, si shangazi zake, si sheikh. Nimefikiria sana kama ningekwambia uanze na yeye kabla ya bibi, na najua wako watakaosema ni haki yake kusikia wa kwanza. Ni kweli ni haki yake. Lakini ukimpa leo utampa nusu, na nusu ya jambo hili ni mateso kuliko zima. Siku mbili tu. Zisizidi.

Na utakapomwambia, usimwambie "umepoteza mume umepata kaka". Nakuomba sana. Watu watamwambia hivyo mpaka achoke, kwa nia njema, na kila mara watakuwa wanamchoma. Moyo wa mtu haugeuzwi kama kanga, upande huu mume, upande huu ndugu. Atalia. Ataona haya kwa maneno aliyokuwa akizungumza na yule kijana kwa simu. Mwambie hakuna haya, hakuna dhambi, walikuwa hawajui. Muda huu wasikutanishwe wala wasilazimishwe kusalimiana kindugu. Mwaka ukipita, au miwili, itakuja au haitakuja.

Mume wako. Yeye ndiye walii, mwenye kumwozesha binti, lazima ajue kabla ya kwenda kwa kadhi, na ni bora aambiwe mbele ya kaka yake mkubwa au imamu wa msikiti wenu, hasira hupata adabu mbele ya watu. Pesa alizokopa ni deni, na deni lina njia zake: ukumbi uulizwe mapema, ng'ombe bado hajachinjwa, vyombo vinakaa. Mahari irudishwe yote kwa kuwa hapakuwa na nikaha. Zawadi nyingine zungumzeni kwa ada yenu, msigombane kwa vipande vya kitambaa.

Na watu waambiwe ukweli, waziwazi, kwa sentensi moja: imebainika ni ndugu wa kunyonya. Hili ni muhimu kuliko unavyodhani. Harusi ikivunjika wiki mbili kabla bila sababu kutajwa, mji utaitafutia sababu, na sababu za mji siku zote humwangukia binti. Watasema kaonekana na fulani, watasema ana ugonjwa. Ndugu wa kunyonya ni neno ambalo kila bibi wa Pemba analielewa, na litamsitiri mwanao kwa heshima zake zote.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nawajua wazee wetu. Atatokea mtu aseme, basi muozesheni mdogo wake. Kisheria inafaa: kunyonya kumemgusa yule aliyenyonya peke yake, na watoto wake atakaowazaa. Ndugu zake wengine, ambao hawakunyonya kwa yule bibi, hawana undugu na wanawe, na msikubali mtu awaambie kwamba koo mbili hizi zimefungana zote. Lakini kufaa ni kitu kimoja. Kumweka binti yako akamtazame mdogo wake anavaa nguo aliyoshonewa yeye, sitaki hata kulifikiria. Likisemwa, wewe ndiye ulizime.

Umeniuliza utamtazamaje bibi yule. Mimi nina kaka wa ziwa. Mama yangu alimnyonyesha mtoto wa jirani ambaye mama yake alifariki siku ya kuzaa, nami nilikuwa sijazaliwa. Alikua kwao, alisoma kwao, urithi wetu hakuugusa kwa sababu ziwa halirithishi. Lakini kila Idi alianza kwetu. Nyumbani kwetu aliingia bila hodi, na mimi sikuwahi kumfunikia kichwa. Siku tuliyomzika mama, walipouliza nani atashuka kaburini, yeye alikuwa keshavua viatu. Alimpokea mama kwa mikono yake, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akafungua fundo la sanda. Ndugu zangu wa tumbo walisimama juu wanamtazama, na hakuna aliyeona kwamba nafasi yake imechukuliwa.

Ninachosikitika katika barua yako ni miaka 27. Mwanao kama alinyonya matano ana mama wa pili huko kusini anayeumwa miguu, na hajawahi kumpelekea hata kilo ya sukari, kwa sababu siku ile hakuna aliyeuliza jina. Sikulaumu, ulikuwa umetoka mautini. Nawaambia mnaonisoma sasa, wazazi wa wodini na bibi zao: mtoto wenu akinyonyeshwa na mtu, ulizeni jina, la kwake na la mumewe na kijiji, muandike nyuma ya kadi ya kliniki, na mtoto akipata akili mumwambie. Na siku hizi asinyonyeshe mtu mtoto wa mwenzake kabla ya kupima virusi vya UKIMWI, manesi watawasaidia.

Kuhusu kumkimbia: ulikimbia ukiwa umebeba kitu kizito kwa mara ya kwanza. Yeye alimshika mkono mtu anayetapika, hakumshika mkwe. Hana kinyongo na wewe kwa sababu kwake yeye wewe ni mgonjwa wa bahari tu aliyeshuka haraka. Naye, mwanangu, atapata msiba wake hapo. Harusi ya mwanawe aliyemtoa kulelewa, aliyoifuata kwa miguu mibovu, itavunjika kwa wema alioufanya mwenyewe. Asije akaambiwa na mtu yeyote, hata kwa kupitiwa, kwamba ziwa lake limeharibu. Umtangulie wewe kumwambia kwamba bila ziwa lile kusingekuwa na bibi harusi wa kuposwa.

Panda boti ya kesho. Weka ndimu kwenye mkoba. Ukifika Fuoni usianze na harusi, wala na kadhi, wala na hesabu. Mshike mkono kama alivyokushika, umwambie: "Bibi, mimi ndiye yule wa Konde. Mtoto wangu alikua."